Namba 418

Nimekilaza kifudifudi juu ya taulo,
kama mtoto anayengoja kupakwa mafuta,
nisome kitako chake.
Vibandiko vitatu,
na kovu la gundi pale palipokuwa cha nne
kilichong'oka na siri yake.

Chombo cha kuoshea brashi za wino. China. Jade.
Jani la yungiyungi lililojikunja kingo,
bua likapinda chini likawa mguu,
na kaa mmoja, mdogo kuliko ukucha wangu,
anapanda ukingoni miaka mia mbili na hamsini
na hajafika.
Rangi ya uji wa mchele uliopoa,
ila ubavu mmoja una kutu ya mto.
Hayo fomu inayapenda.
Kisha inauliza: kimepita mikononi mwa nani?
na kunipa mistari minne tu.

Jade na jadi. Herufi moja kati yake,
na mnunuzi hupima ya kwanza
kwa mizani ya pili.

Wa kwanza nauacha mtupu.
Fundi wa Suzhou hakutia jina.
Mimi humwita Gu, kwa sababu sina budi kumwita,
nikiwa peke yangu ghalani hapa Dundee, mvua juu ya bati.
Jiwe hili halikubali kisu, kisu huteleza.
Husagwa,
kwa mchanga, kwa maji, kwa mguu unaokanyaga tangu alfajiri.
Haba na haba hujaza kibaba, husema watu;
Gu, haba na haba, alikitoa kibaba ndani ya jiwe.
Nadhani kaa alikuja mwisho,
pale palipokuwa na ufa usiofichika.

Wa pili: mjane wa Bwana Shen, Beijing,
mwaka ule posho za wasomi zilipokatika
na wanaume wakakatwa mikia ya nywele.
Aliuza vitabu. Aliuza mapazia. Akabakiwa na hiki
na daktari Mskoti aliyemtibu mwanawe mapafu.
Je, aliuza, au alilipa?
Barua ya Daktari Rennie ina neno moja: nilikipata.
Kupata! Neno lisilo mlango wala dirisha.
Mtu hupata mali, hupata mtoto,
hupata homa.

Wa tatu: Isobel, bintiye, aliyetia ndani vifungo,
na pini za kofia,
na siku za joto, maji ya paka.
Effie Tosh, mfanyakazi wa nyumba, alikipangusa kila Ijumaa
miaka thelathini na mmoja.
Hakuna mikono iliyokijua kama yake,
lakini kupangusa si kumiliki,
fomu haina nafasi ya Effie.
Ukingo ulimeguka zamani zake, padogo, kama jino la maziwa.
Hakuna aliyekiri.

Wa nne, dalali wa London, alikipa kigoda cha mbao nyeusi
na kibandiko chenye wino wa dhahabu:
"Kutoka kasri la mfalme."
Chanda chema huvikwa pete;
chombo chema, naona, huvikwa uongo.
Bei ikapanda mara sita.

Jioni, kabla sijafunga, nimekiosha.
Maji ya vuguvugu, pamba, kijiti cha mianzi
kwenye mfereji mwembamba chini ya bua
ambako kidole cha Effie hakikuwahi kuingia.
Ukatoka uzi mweusi.
Ukasimama majini, ukajikunja,
ukafanya kama unaanza kuandika kitu,
kisha ukatawanyika.

Labda ni wino wa Bwana Shen.
Labda ni rangi ya viatu, nyumba ile ilikuwa na watoto.
Nimekaa na kalamu juu ya mstari wa kwanza,
maji yamekuwa ya kijivu,
na kaa, akiwa amelowa,
anang'aa kama aliyesogea.